Ukame umekausha mahindi: serikali inasaidia nini, na nini ni juu yako?

Mvua za Vuli au Masika zikikata mapema huku kwetu Handeni na Korogwe, swali ninaloulizwa sana ni hili: "Afisa, serikali itatulipa?" Jibu fupi ni hapana. Msaada upo, lakini ni wa kuzuia njaa, sio wa kurudisha mtaji. Ukielewa tofauti hiyo mapema, hutapoteza muda kusubiri hela ambayo haiji.

Msaada unavyotembea

Kazi inaanzia kijijini. Mtendaji wa kijiji na afisa ugani wanaandika ekari zilizoharibika na kaya zenye upungufu wa chakula. Taarifa inapanda kata, halmashauri, mkoa, hadi Ofisi ya Waziri Mkuu, ambako ndiko iliko Idara ya Menejimenti ya Maafa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 ndiyo inayoongoza shughuli hii.

Upungufu ukithibitika, mahindi hutolewa kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA). Msimu wa 2022/2023, kwa mfano, NFRA ilipeleka mahindi kwenye halmashauri zenye upungufu, yakauzwa chini ya bei ya soko. Kwa hiyo usitegemee kila mtu apewe bure. Wengi wananunua kwa bei nafuu, na cha bure huenda kwa kaya zisizojiweza kabisa.

Hapa ndipo vijana wengi wanakwama

Tuseme unaishi Korogwe mjini, umekodi ekari 10 Kwedizinga, na umeweka laki tatu kila ekari. Mahindi yakikauka, milioni tatu imeondoka. Chakula cha msaada kinafuata kaya, yaani pale unapoishi na kula. Shamba lako linahesabiwa kule lilipo, na kama mtendaji wa kule hakujui, ekari zako 10 hazimo kwenye taarifa. Halmashauri ikipeleka takwimu ndogo, na msaada unaoombwa unakuwa mdogo. Wenyeji wako ndio wanaumia.

Fanya hivi:

1. Toa taarifa mahindi yakiwa bado yamesimama shambani. Ukishafyeka au kuingiza ng'ombe, hakuna cha kukagua.
2. Piga picha zenye tarehe. Andika ekari, aina ya mbegu, siku uliyopanda na siku mvua ya mwisho iliponyesha.
3. Hakiki taarifa zako kwenye daftari la wakulima. Mbolea ya ruzuku, iliyoanza msimu wa 2022/2023, inatolewa kwa namba ya usajili. Bila namba, msimu ujao utanunua kwa bei kamili wakati mfuko umeshatoboka.
4. Kama una mkopo, nenda kwa aliyekukopesha kabla tarehe ya rejesho haijafika, ukiwa na zile picha. Omba kupanga upya marejesho. Anayekuja mapema anasikilizwa kuliko anayezima simu.

Mtaji unalindwa kabla ya kupanda

Kinachoweza kukulipa hasara ni bima. Mwaka 2023 kampuni za bima ziliungana kuanzisha konsotia ya bima ya kilimo (TAIC). Uliza ukiwa bado unaandaa shamba, maana jua likishawaka hakuna atakayekukatia. Soma masharti vizuri: bima ya faharasa ya hali ya hewa hulipa kwa kuangalia mvua ya eneo zima, sio shamba lako peke yake. Jirani anaweza kuwa na kijani na wote mkalipwa, au wewe ukakauka na msilipwe.

Pia usiweke ekari zote kwenye mahindi. Gawa: mahindi ya muda mfupi kama Situka, sehemu mtama, sehemu muhogo. Muhogo unavumilia ukame, na ukikosa soko leo unaweza kubaki ardhini kwa muda. Wenye mashamba karibu na skimu kama ya Mombo, tafuteni nafasi ya maji mapema.

Mahindi ya serikali yatakusaidia ule. Hela ya kupanda tena lazima uwe umeipanga mwenyewe. Kama shamba limeanza kunyauka sasa hivi, usingoje wikiendi: nenda kwa mtendaji wa kijiji kesho asubuhi, na umwombe afisa ugani wa kata afike kulikagua.