Sauti za Vijana (3): Ngazi ya Bi Glover

Tangu wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wa Kenya walipoingia Gredi ya 10 Januari 2026, na Sanaa na Michezo ukawa mkondo kamili kando ya ule wa sayansi, swali limekuwa moja: kijana anayeimba katika kwaya ya mtaani, na shuleni kwake hakuna mwalimu wa muziki, asaidiwe vipi? Wengi hutaja kinanda na sare. Mimi nataja mwalimu anayelipwa wa sol-fa, yaani njia ya kusoma na kuimba noti kwa majina do, re, mi. Makala iliyopita iliishia kwa Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya 11 aliyedai kwamba kazi iliyowachukua waimbaji miaka kumi, kwa njia yake ingewachukua mmoja, au miwili kwa wingi. Leo tuvuke hadi Norwich, Uingereza.

Huko aliishi Sarah Glover, binti wa kasisi, akiwafundisha watoto wa kawaida kuimba. Aliwatundikia ukutani ngazi ya noti, akawa anaigusa kwa fimbo huku wao wakipanda na kushuka nayo kwa sauti. Mwaka 1835 alikichapisha kitabu cha mbinu hiyo. Miaka sita baadaye walimu wa shule za Jumapili walikutana Hull, wakampa mchungaji kijana, John Curwen, kazi ya kuwatafutia njia rahisi ya kufundisha uimbaji. Curwen hakuwa mwanamuziki. Alikisoma kitabu cha Bi Glover, akafahamu, kisha akaichukua mbinu na kuirekebisha bila kumwomba ruhusa kwanza. Sifa zikamwendea yeye. Ninawasihi walimu wa kwaya wanaomtaja Curwen wamtaje na huyu mama.

Mbinu hiyo ndiyo sol-fa, na uzuri wake ni kwamba do haikufungwa kwenye kitufe kimoja cha kinanda. Mwalimu huitoa pale sauti za waimbaji wake zinapofika bila kukaza, na noti nyingine sita hujipanga kutoka hapo. Herufi ya kwanza ya kila noti yatosha kuiandika. Nukta mbili hutenganisha mapigo, kistari huendeleza sauti, na alama ndogo kando ya herufi huonyesha kama noti imepanda au imeshuka oktava. Alama zote hizo zimo katika mashine yoyote ya chapa, ndiyo maana wamishenari waliweza kuchapa nyimbo palepale walipochapa vitabu vya kusoma. Leo sauti ya tatu nzima hutumwa kwa ujumbe wa simu.

Na matunda yake tunayaimba tukiwa tumesimama wima. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, naye nyimbo zake akiziandika kwa sol-fa katika daftari. Hakuwa na okestra. Alikuwa na kwaya ya wanafunzi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, muziki huohuo ulipewa maneno ya Kiswahili ukawa Mungu Ibariki Afrika. Mwalimu mmoja, daftari moja, na mataifa yakapata wimbo!

Kwaya nyingi za vijana wetu bado hufundishwa kwa kusikiliza na kukariri. Kukariri ni kipaji, sikidharau, lakini mwalimu akihama, sauti ya pili na ya nne hupotea, na vijana huanza upya kumsubiri mwingine awaimbie. Hilo ni kuwalea katika utegemezi. Aliyefundishwa kusoma hufungua wimbo asioujua akaimba, kesho akaandika wake. Wapo wanaosema mtihani wa muziki unadai noti za mistari mitano. Kweli, lakini Zoltán Kodály wa Hungaria aliwaanzisha watoto kwa sol-fa na ishara za mikono za Curwen, akawapeleka kwenye mistari hiyo wakiwa tayari wanazisikia noti kichwani.

Kwa hiyo mwakilishi wa wadi, parokia au mfanyabiashara aliye na fungu dogo alitenge hivi: posho ya mwalimu kwa mwaka mzima, ukumbi jioni mbili kwa wiki, ubao na chaki. Sare ishonwe mwaka wa pili. Makala ijayo nitaeleza somo la kwanza, la do, mi na so, jinsi ya kulifundisha kwa nusu saa bila kinanda.