Moshi wa Kiangazi na Mawingu ya Mvua

Kila mwaka, kati ya Juni na Septemba, askari aliye zamu kwenye mwambao wa Bujumbura hutazama ng'ambo ya Ziwa Tanganyika asiione vizuri milima ya Uvira. Wengi husema ni ukungu. Kwa kweli sehemu kubwa yake ni vumbi na moshi: moshi wa mashamba ya karibu, na ule wa mbuga zinazochomwa kusini mwa Kongo, Zambia na Angola.

Moshi huo una uhusiano na mvua. Tone la wingu haliumbiki hivi hivi. Mvuke hushikamana na chembe ndogo mno ya vumbi, chumvi au moshi. Na hapa hesabu ni ile ile ya posho kikosini. Gunia moja la unga likigawiwa watu mara kumi zaidi, kila mmoja hupata haba. Chembe zikizidi, maji yale yale hugawanyika katika matone mengi na madogo, yasiyoungana upesi kuwa mvua. Wingu la namna hiyo huwa jeupe zaidi na hurudisha juu nuru nyingi ya jua, kama alivyoeleza mtaalamu Sean Twomey mwaka 1974.

Ushahidi ulipatikana kwa satelaiti. Terra iliyorushwa mwaka 1999, na Aqua ya mwaka 2002, zilipima kutoka kilomita 700 hivi nuru isiyoonekana kwa macho, ambayo matone madogo huirudisha kuliko makubwa. CALIPSO, iliyofanya kazi tangu 2006 hadi 2023, ilipima kwa leza kimo cha moshi, ikaukuta umetanda juu ya mawingu ya Atlantiki, magharibi mwa Angola.

Huko jambo hugeuka: masizi hunywa joto la jua na kupasha hewa iliyo juu ya wingu. Basi asemaye kwamba moshi daima huzuia mvua amekosea, na asemaye hauna athari amekosea vilevile. Tena, upepo uletao moshi huweza kuwa mkavu wenyewe. Satelaiti huviona vyote viwili pamoja, na kuvitenganisha ni kazi ngumu. Kwa mkulima wa Burundi anayengoja kupanda mwezi Septemba, swali hilo si la vitabuni.

Mvua za kwanza zinyeshapo, chembe hizo huoshwa hewani, na milima ya Uvira huonekana tena kutoka Bujumbura.