Romania, Nchi ya Makaburi Yanayosema

Romania iko kusini-mashariki mwa Ulaya, kandokando ya Bahari Nyeusi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 238,000 hivi, yaani robo tu ya Tanzania, na sensa ya 2021 ilihesabu watu milioni 19. Mji mkuu ni Bucharest, fedha yao ni leu. Mlima mrefu kuliko yote ni Moldoveanu, mita 2,544. Nicolae Ceaușescu aliitawala nchi hii tangu 1965 hadi Desemba 1989, alipopinduliwa na kupigwa risasi, na mwaka 2007 ikaingia Umoja wa Ulaya. Takwimu nyingine msomaji atazipata vitabuni, maana nina haraka ya kufika Săpânța.

Wageni wengi huishia kwenye ngome ya Bran, wanakouziwa hadithi za Dracula pamoja na vikombe vyenye picha yake. Săpânța iko mbali na huko, kaskazini kabisa katika mkoa wa Maramureș, karibu na Mto Tisa, na ng'ambo ya mto ni Ukraine. Katikati ya kijiji pana kanisa, na kulizunguka kanisa ni makaburi ambayo wenyewe wanayaita ya furaha.

Misalaba ni zaidi ya 800, na rangi yake ya buluu huonekana kabla hujaingia getini. Kila mmoja ni ubao mpana wa mwaloni, umechongwa maua pembezoni na kuwekewa kipaa juu ili usiloweshwe na mvua. Sehemu ya juu ina picha ya marehemu akiwa kazini: mchungaji na kondoo wake, mama anasokota sufu, seremala na randa yake, mwalimu na wanafunzi. Chini ya picha kuna shairi fupi lenye vina, na anayesema ni marehemu mwenyewe. Hujitaja jina, akaeleza alichokipenda, kilichomuudhi, na namna alivyokufa.

Wala hafichi aibu zake. Mlevi anakiri kwamba pombe ndiyo iliyomleta hapo, na mchongaji amemchora chupa mdomoni huku kifo kikimvuta. Kuna msalaba mmoja ambao mwenye kusema si marehemu bali mkwe wake: analalamika kwamba mama mkwe angeishi siku tatu zaidi, yeye ndiye angelala chini na bibi huyo angesimama hapo akisoma. Halafu anawaomba wapita njia wasimwamshe. Nilicheka makaburini, jambo ambalo kwetu lingeniitishia kikao cha wazee.

Kicheko hukatika ukifika kwa mtoto wa kike aliyegongwa na teksi. Yeye hatanii. Anamlaani dereva aliyetoka mji wa Sibiu, akamuuliza imekuwaje katika nchi kubwa namna ile akose pa kusimama isipokuwa mbele ya nyumba yao.

Kazi hii aliianza Stan Ioan Pătraș, fundi wa kijiji aliyezaliwa 1908. Alichonga misalaba ya namna hii tangu 1935 mpaka alipofariki 1977, na wa kwake aliuchonga mwenyewe kabla hajafa. Mwanafunzi wake, Dumitru Pop, alirithi nyumba na karakana. Wapo wanaosema mzaha huu umetoka kwa Wadakia wa kale, ambao hawakuona kifo kuwa mwisho. Mimi nina shaka. Naona sababu iliyo karibu zaidi: katika kijiji kidogo ambamo kila mtu alimjua mwenziwe, kumpamba mlevi kwa sifa za uongo kusingemdanganya yeyote.

Kwetu hudanganyana. Siku ya maziko husomwa wasifu, na marehemu wote wa Afrika Mashariki walikuwa wacha Mungu, wakarimu na wapenda watu. Sijasikia bado aliyekuwa mbishi au mchoyo. Karatasi ile kesho yake hufungia maandazi. Kaburini hubaki jina na tarehe mbili. Waislamu wana hoja yao ya dini, maana wanazuoni wengi hawapendi kaburi lipambwe wala liandikwe, nami naiheshimu. Lakini sisi wengine tunaomwaga mamilioni kwa marumaru na vigae tuna udhuru gani? Watu wanaoandika mafumbo kwenye khanga na nyuma ya daladala hawashindwi kumtungia babu yao beti mbili za kweli.

Tena si kwamba hatukuwa na chetu. Wagiriama wa pwani ya Kenya huwachongea wazee wa chama cha Gohu vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka waliokufa. Hasa miaka ya 1970 na 1980 viliibwa kwa wingi, vikauzwa, vikapamba nyumba na makumbusho ya Marekani. Baadhi ndiyo kwanza vinarudishwa. Săpânța mgeni hulipa kiingilio, hupiga picha, akaondoka, na misalaba inabaki pale pale.

Mengine ya Maramureș nayataja kwa mkupuo: makanisa 8 ya mbao yaliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1999, gereza la Sighet lililogeuzwa makumbusho ya wahanga wa ukomunisti, na mămăligă, ugali wao wa mahindi, ambao huliwa na jibini. Mwenye hamu ya kwenda ajue kwamba treni hufika mji wa Sighetu Marmației, na kutoka hapo Săpânța ni kilomita kama 18 kwa gari. Tangu Januari 2025 Romania imo kikamilifu katika eneo la Schengen, kwa hiyo mwenye viza ya Schengen kwa safari ya Ujerumani au Ufaransa anaweza kuitumia kufika huko pia, mradi siku zake hazijaisha.