Kijiji cha amani kwa Kikorea: neno moja, mikia miwili

Bandugu wenye lisansi, na ninyi muko bado ku masomo, leo siandiki juu ya mbolea wala mihogo. Naandika juu ya neno moja lililonikalisha wiki nzima mu barua yangu ya kuomba masomo Korea ya Kusini. Kila mwaka wengi wetu tunatengeneza hizo dosie, na wamoja wanajifunza Kikorea peke yao ku simu, usiku, wakati mega ziko bei ndogo. Kwa hao njo naandikia zaidi.

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: “Nilizaliwa katika kijiji cha amani, mu milima ya Kivu ya Kusini.” Kwa Kiswahili hakuna shida yoyote. Nikafungua kamusi ya Kifaransa na Kikorea. Amani ni pyeonghwa (평화). Kijiji ni maeul (마을). Kwa “pacifique” kamusi ikanipa pyeonghwajeok (평화적), nikaandika pyeonghwajeogin maeul, nikafurahi, nikatuma kwa mwalimu wetu. Huyo ni mama Mkorea anayetufundisha bure ku intaneti kila Jumamosi. Jibu lake halikuwa na alama nyekundu hata moja. Aliuliza tu: “Kijiji chenu kinamaliza ugomvi bila kupigana?”

Nikabaki naangalia ile swali. Kwanza sikuielewa. Kisha niliielewa vizuri sana, ju wakati ule nyumba mingi za kule kwetu zilikuwa zimefungwa, benyewe wamekimbia.

Kumbe kosa halikuwa mu neno amani. Lilikuwa mu mkia nilioufunga nyuma yake. Mu Kikorea, jina la kitu kisichoshikika kama amani, uhuru, hekima, furaha, mara nyingi haliwezi kusimama tu mbele ya jina lingine na kulisifu. Linavalishwa mkia kwanza. Mikia iko mingi, na kila mmoja unasema jambo lake juu ya uhusiano wa kile kitu na yule anayesifiwa. Sisi tuko na “-a” moja inayofanya kazi yote: kijiji cha amani, njia ya amani, mtu wa amani, mkataba wa amani. Msikilizaji wetu anajua mwenyewe maana. Mkorea anataka umwambie.

Kabla ya kuendelea, jambo moja linalosaidia. Kiswahili kiko na sifa zake za asili kama -zuri, -kali, -refu, na kutoka kwa hizo tunapata uzuri, ukali, urefu. Sifa ilitangulia, jina likafuata. Lakini amani, hekima, siasa, heshima yalitoka ku Kiarabu, yakiingia kwetu kama majina tayari. Ndiyo maana tunasema “mtu wa hekima” ao “mwenye hekima”. Kutoka ku hekima hatupati sifa fupi kama -zuri. Wakorea waliishi jambo hilo hilo na Kichina. Majina yao mengi ya mambo ya akili yalitoka huko, na lugha ikahitaji njia ya kuyageuza sifa. Kwa hiyo musione mikia hii kama adhabu ya Wakorea kwa wanafunzi. Ni dawa ya ugonjwa ambao hata sisi tuko nao.

Mkia rahisi ni -hada (하다). Furaha ni haengbok, kuwa na furaha ni haengbokhada, na mbele ya jina inakuwa haengbokhan: haengbokhan saram, mtu mwenye furaha. Afya ni geongang, mtu mwenye afya ni geonganghan saram. Kwa wenzangu wa kilimo: udongo wenye rutuba ni biokhan toyang. Huu mkia unasema hali iko hivyo, basi. Lakini uko na mtego. Hada hiyo hiyo inatengeneza pia vitenzi. Sarang ni upendo, lakini saranghada si sifa, ni kitendo cha kupenda. Ukitaka kusema mtoto wa kupendeza, anayevuta upendo, unabadilisha mkia: sarangseureoun ai. Mimi niliandika saranghan na nikaambiwa maana yake mtu ambaye nilimpenda zamani. Tulicheka Jumamosi nzima.

Sasa -jeok (적), huyu aliyeniponza. Inaandikwa kwa alama ya Kichina 的. Wajapani wa zama za Meiji (1868–1912) walianza kuitumia hiyo alama kwa kutafsiri maneno ya Ulaya, yale yenye mwisho wa sampuli ya “-ique”, na kutoka kwao ikaingia mu Kikorea. Kwa hiyo sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaipenda haraka: économique ni gyeongjejeok, politique ni jeongchijeok, scientifique ni gwahakjeok. Inaingia vizuri, mpaka unaanza kuiweka kila mahali.

Lakini ndugu yake wa kweli ni “ki-” yetu, kuliko “-ique”. Angalieni: siasa, ya kisiasa, uchumi, ya kiuchumi, jamii, ya kijamii. Ukisema “matatizo ya kiuchumi”, husemi kwamba matatizo yamejaa uchumi! Unasema yako upande wa uchumi, yanahusu uchumi. Kikorea: gyeongjejeok munje, ao gyeongjejeogin munje. Na sawa vile “kiuchumi” peke yake inaweza kueleza kitendo (“wanategemeana kiuchumi”), Wakorea wanaongeza -euro: gyeongjejeogeuro. Hii mkia inapanga kitu mu fungu lake, ao inasema kinafanywa kwa njia gani. Pyeonghwajeok ni ya namna ya amani, kwa njia ya amani. Katiba ya Korea ya Kusini, ku kifungu cha 4, inaongea juu ya pyeonghwajeok tongil, kuunganisha Korea mbili kwa njia ya amani. Hapo neno liko nyumbani kwake, ju kuunganisha nchi ni jambo linalofanywa, na linaweza kufanywa kwa amani ao kwa bunduki. Kijiji hakifanywi. Kwa hiyo mwalimu aliposoma pyeonghwajeogin maeul alitafuta kitendo, na kitendo alichokipata ni namna kijiji kinavyomaliza ugomvi.

Kwa kijiji chenyewe neno ni pyeonghwaroun (평화로운). Huo ni mkia -ropda (롭다). Unasema kile kitu kimejaa ndani, kinasikika mule, kama harufu mu nyumba. Kijiji ambamo amani iko. Hata Kifaransa kinajua tofauti hiyo, nilisahau tu: “règlement pacifique” upande mmoja, “village paisible” upande mwingine. Kama ningetafuta “paisible” ku kamusi, ningeponea. Kwa Kiswahili tofauti inaonekana tukikaza kidogo: suluhisho la kwa njia ya amani, kijiji chenye amani.

Maneno ya -ropda si mengi, lakini ni mazuri kweli. Jayu ni uhuru, jayuroun ni huru. Jihye ni hekima, jihyeroun saram ni mtu wa hekima. Hyanggi ni harufu nzuri, na hyanggiroun keopi ni kahawa inayonukia, neno ambalo mtu wa Kivu lazima alijue kabla ya mengine. Hae ni madhara, haeroun gonchung ni wadudu waharibifu. Hilo niliwekea mstari mu daftari langu mara mbili. Pungyo ni neema, wingi wa mali na mavuno, pungyoroun. Sasa muyatazame: jayu, jihye, hyanggi, hae, pungyo, pyeonghwa. Yote yanaisha kwa irabu. Hii mkia haikai nyuma ya konsonanti, njo maana haengbok, inayoisha kwa k, haiwezi kuivaa. Lakini musigeuze kanuni kichwa chini: gyeongje nayo inaisha kwa irabu, na hakuna mtu anayesema gyeongjeropda. Irabu inafungua mlango. Haimuingizi kila mtu.

Kuna mtu ataniuliza: hiyo -roun inatoka wapi kama mkia ni -ropda? Sifa za Kikorea zinabadilika sawa vitenzi. Mu kamusi ziko na -da. Zile za -ropda, -seureopda na -dapda zinapoteza ile p na kupata u mbele ya jina: jayuropda inakuwa jayuroun, na ku mazungumzo jayurowoyo, “iko huru”. Ukiishika mara moja, mikia mitatu imekwisha.

Hiyo -seureopda (스럽다) inasema inafanana, inaleta ile hisia. Jarang ni majivuno. Jarangseureoun abeoji si baba mwenye kujivuna, ni baba wa kujivunia. Jayeon ni maumbile, vile vitu Mungu aliviweka bila mkono wa mtu. Hapa mikia miwili inagombania jina moja tena: jayeonjeok yoin ni sababu za kimaumbile, kama mvua na udongo, maneno ya mémoire, jayeonseureoun Kikorea ni Kikorea kinachotiririka, kisichojilazimisha. Ukiandika kwamba unataka kuongea Kikorea cha jayeonjeok, utakuwa kama unaomba kiote chenyewe mu shamba.

Mfano unaonigusa mimi ni wa neno eoreun, mtu mzima. Liko na mikia miwili. Eoreunseureoun ai ni mtoto anayefanya mambo ya mtu mzima. Muko mnawajua: kale kasichana ka miaka 10 kanauza ndizi ku soko, kanajua bei, kanajua kudai deni, kanarudi kupika. Mtu mzima mwenyewe haambiwi hilo neno, ju yeye hafanani na mtu mzima, yeye ni mtu mzima. Kwake yeye neno ni eoreundaun, mkia -dapda (답다): anayestahili jina lake. Mwanafunzi kweli ni haksaengdaun haksaeng. Na saram ni mtu, kwa hiyo saramdaun saram ni mtu aliye mtu kweli. Mwalimu alipokuwa anatafuta maneno ya kutueleza hilo, sisi wote tulijibu mara moja: mwenye utu! Ilikuwa somo fupi kuliko yote.

Nabakiza itda (있다), “iko”. Hii hata si mkia, ni kitenzi kizima, na inafanya kazi ya “-enye” yetu karibu neno kwa neno. Uimi ni maana, uimi inneun il ni kazi yenye maana. Gachi ni thamani, gachi inneun. Mu barua za kuomba masomo kila mtu anataka kusema yeye ni mtu “responsable”. Musitafute -jeok. Semeni chaegimgam inneun saram, mtu mwenye kusikia wajibu wake. Kisha mulete mfano, ju hiyo sifa bila mfano wanaisoma kila siku.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kinapangika. Maeryeok ni mvuto, na mtu mwenye mvuto ni maeryeokjeogin saram, kwa -jeok, wakati kwa hesabu yangu ya hapo juu ungengojea kitu kingine (maeryeok inneun nayo wanasema). Dawa yangu ni ya mkulima: sijifunzi mkia peke yake, najifunza neno na shamba lake. Siandiki mu daftari “pyeonghwajeok = pacifique”. Naandika pyeonghwajeok pamoja na njia, suluhisho, kuunganisha. Pyeonghwaroun pamoja na kijiji, usiku, uso wa mtoto aliyelala.

Kwa wanaojitayarisha ku mtihani wa TOPIK: uko na ngazi 6, TOPIK I ni ngazi ya 1 na ya 2, TOPIK II ni ya 3 mpaka ya 6. Kuandika kunaanzia mu TOPIK II, na swali la mwisho, namba 54, linaomba andiko la herufi 600 mpaka 700 juu ya jambo la jamii. Pale njo -jeok inakulisha: sahoejeok, munhwajeok, hyogwajeogin bangbeop, njia yenye kufaa. Andiko bila -jeok hata moja linasikika kitoto. Lakini barua ya kujieleza wewe mwenyewe, yenye -jeok ku kila mstari, inasikika kama ripoti ya ofisi juu ya mtu ambaye hayuko.

Sasa barua yangu. Nilifuta pyeonghwajeogin, nikaandika pyeonghwaroun maeul. Sarufi ilikuwa sawa. Nikaisoma kwa sauti, nikaona siwezi kuituma. Neno la kwanza lilikuwa na kosa la lugha, lakini hili la pili, sasa nililolielewa, lilikuwa linasema amani imejaa kule, mwaka ambao shangazi yangu alikuwa analala kwetu Bukavu na watoto wanne, mashamba yake ya maharagi yamebaki bila mtu. Ningeweza kuweka “zamani”. Nilijaribu, ikawa sentensi ya kusikitisha watu, na sikutaka kuombea masomo kwa machozi.

Mwisho nilihamisha ile sifa kutoka mwanzo wa barua mpaka ku mstari wa chini kabisa, pale wanapouliza utafanya nini ukirudi nyumbani: Pyeonghwaroun maeureseo nongsareul jitgo sipseumnida. Nataka kulima katika kijiji chenye amani. Mwalimu aliirudisha Jumamosi iliyofuata bila swali.