Watoto Wenye Vipaji Katika Shule ya Msingi (2): Posho ya Wapagazi

Wiki iliyopita tulizungumzia namna ya kumtambua mtoto mwenye kipaji. Leo tuingie darasani, tena Tabora, mji wenye sekondari mbili za vipaji maalumu: Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Ile ya wavulana ilianza miaka ya 1920 ikichukua hasa watoto wa machifu. Mchujo wa mwanzo, basi, ulikuwa wa ukoo. Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia hapo mwaka 1937. Darasa la kwanza alilianza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934.

Leo mchujo ni mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Ni afadhali, ila unakuja mwishoni. Kabla yake kuna miaka mingi ambayo mtoto mwepesi amebanana na wenzake kwenye dawati, na hesabu kumi za ubaoni amezimaliza mwalimu hajaweka chaki chini. Afanyiwe nini? Kwa mazoea hupewa nyingine kumi za aina ileile, au hutumwa kufuta ubao, au huandikishwa majina ya wapiga kelele. Hachelewi kugundua kwamba kuwahi kumaliza ni kujitafutia kazi, naye huanza kujivuta makusudi.

Mmarekani Joseph Renzulli aliandika mwaka 1978 kwamba kipaji huonekana pale yanapokutana mambo matatu: uwezo uliozidi wa kawaida, ubunifu, na moyo wa kuing'ang'ania kazi. Karatasi ya kuchagua herufi hupima la kwanza tu, tena kwa kubahatisha. Mwanasaikolojia Lewis Terman alipowachuja watoto wa California kwa jaribio la akili kuanzia mwaka 1921, aliwaacha nje William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, mwaka 1956 na 1968. Kwa hiyo sishauri kuwatenga watoto wachache katika chumba chao. Nashauri swali lenye kina, liulizwe darasa zima, kila mtoto alizamie kadiri ya pumzi zake.

Swali kama hilo limelala kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, tuseme kilo 32. Posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, tukadirie theluthi mbili za kilo. Mwalimu wa darasa la tano aseme: tajiri ana kilo 1,920 za vitambaa, safari ni siku 30, porini hakuna pa kununua chakula. Anahitaji wapagazi wangapi?

Wengi watagawanya na kupata 60, na hiyo ni hesabu halali ya darasa lao. Kisha atanyoosha mkono mmoja: “Na chakula chao nani anabeba?” Kila mpagazi atakula kilo 20, hivyo 60 watakula kilo 1,200. Waongezwe 38 wa kubeba nafaka. Lakini hao 38 nao wana matumbo! Waongezwe 24 wengine, nao wale nini? Hapo darasa litacheka, na mwalimu asilikatize, kwani kicheko hicho ndicho mlango wa somo. Kuna mtoto ataendelea kuongeza hadi ukurasa uishe. Mwingine atatulia kidogo aone kwamba katika kilo 32 za kila mpagazi, 20 ni chakula chake mwenyewe, hivyo zinazobaki kwa tajiri ni 12. Agawanye 1,920 kwa 12, apate 160. Mtoto huyo amefika kwenye aljebra kwa miguu yake mwenyewe, bila kufundishwa x wala y.

Tusiishie hapo. Safari ikiwa siku 48, posho inafika kilo 32 kamili. Mpagazi anabeba chakula chake tu, kitambaa hakisogei hata pima moja. Sasa historia inajieleza. Wapelelezi Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Tabora, wakati huo wakiiita Kazeh, tarehe 7 Novemba. Ni zaidi ya miezi minne. Msafara wa namna hiyo usingeishi bila wakulima wa njiani wa kuwauzia nafaka, na ndiyo maana vitambaa na shanga vilikuwa fedha ya safari. Nani alipanga bei mwaka wa njaa? Na mwaka 1871, mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, kwa nini mwanahabari Stanley alizungukia kusini? Maswali haya hayana jibu la herufi A wala B. Mwenye ubunifu atang'aa hapa, hata kama kwenye hesabu za mbio huwa wa kumi na nane.

Gharama ya somo hili ni chaki, na kwa shule zilizo karibu na Tabora, ziara ya Kwihara, kwenye tembe alilokaa mpelelezi Livingstone mwaka 1872.

Mwalimu utakayeijaribu hesabu hii, nakuomba jambo moja: ile 160 usiiandike ubaoni siku ya kwanza. Waache waende nayo nyumbani.