Kwa Nini Jitu la Frankenstein Lililia

Wanangu, wengi wenu mmeliona kwenye filamu lile jitu lenye uso wa kijani na misumari shingoni, mkaambiwa linaitwa Frankenstein. Sivyo. Kwenye kitabu, Frankenstein ni Victor, kijana msomi aliyeliunda kwa viungo vya maiti. Lilipofumbua macho alilikimbia, wala hakulipa jina.

Aliyeitunga hadithi hii ni Mary Shelley, msichana Mwingereza. Alianza kuiandika mwaka 1816 akiwa na umri wa miaka 18 tu, kando ya Ziwa Geneva, Uswisi. Mwaka mmoja kabla, volkano ya Tambora huko Indonesia ililipuka, na uchafu wake ukatanda angani hata Ulaya ikakosa kiangazi. Mvua ikawafungia ndani Mary na wenzake, ndipo mshairi Byron akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya kutisha.

Mary hakuokota mambo hewani. Zama hizo wanasayansi walikuwa wakipitisha umeme kwenye miili iliyokufa. Mwaka 1803, jijini London, Giovanni Aldini aliujaribu kwa maiti ya George Forster, mtu aliyenyongwa. Taya lilitetemeka, jicho moja likafumbuka, na baadhi ya watazamaji wakadhani anafufuka.

Na Mary alikijua kifo kwa karibu. Mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa. Mwaka 1815 yeye mwenyewe alifiwa na kichanga chake. Aliandika katika shajara yake kwamba aliota mtoto yule alikuwa amepata baridi tu, wakamsugua mbele ya moto, akawa hai. Kisha akaamka, mtoto hayupo.

Sasa mwisho wa kitabu. Jitu limeua watu, na Victor analifukuza hadi kwenye barafu za kaskazini ya mbali, anaokolewa na meli ya Kapteni Walton, na humo anakata roho. Walton anaingia chumbani na kulikuta jitu limeiinamia maiti, likilia. Linajutia watu liliowaua. Linasema litawasha moto na kujiteketeza, kisha linaruka kupitia dirishani hadi kwenye kipande cha barafu, na mawimbi yanalichukua gizani. Kama lilitimiza ahadi yake, Mary hatuambii.

Jitu liliua, na Mary halisafishi. Lakini kumbukeni: lilipokuwa limejificha karibu na familia maskini, lilikuwa likiwakusanyia kuni usiku bila kuonekana. Siku lilipojitokeza, likapigwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu hakulelewa na yeyote. Aliyeliunda aliiona kazi yake imeishia pale lilipovuta pumzi, kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Nanyi mtakaounda mashine, dawa na miji ya kesho, msikimbie mlichokiunda. Kaeni nacho, mkiangalie, mkirekebishe, na kikimdhuru mtu, mwe wa kwanza kujibu.