Laini ya Sista na Pesa za Tangi

Jumanne moja jioni tulifika kwenye hoteli moja mjini Nakuru tukiwa tumechelewa dakika saba, na kabla hata hatujavuta viti tulikuwa tumeshatozwa faini. Shilingi 100 kila mmoja. Aliyetutoza ni mzee mmoja mcheshi ambaye kazi yake katika klabu ni usajenti, yaani yeye ndiye huhakikisha mkutano una nidhamu na mfuko una pesa.

"Hata wageni?" tukamuuliza.

"Wageni hasa," akasema. "Wenyeji wameshazoea, hawana hela tena."

Akatutajia namba ya simu ya kutuma. Tulipoiandika, jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa la mtu, si la klabu. Tukatazamana, lakini watu wote walikuwa wanatungoja, kwa hivyo tukaweka PIN na kukaa. Tunalitaja hili mapema kwa sababu yote yaliyofuata usiku ule yalitokana na jina hilo.

Tulikuwa tumealikwa kuzungumza kwa dakika 20 kuhusu jinsi kundi linavyoweza kupokea michango kwa simu. Klabu yenyewe ni ya huduma ya jamii, ile aina ambayo Wakenya wengi huijua kupitia Rotary na Lions. Ukiwa hujawahi kuhudhuria mkutano kama huo, huenda unafikiria ni matajiri wanakula chakula cha mchana na kupeana mikono. Sisi pia tulidhani hivyo. Pale mezani kulikuwa na mwalimu mstaafu, wakili, fundi wa magari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, wauguzi wawili, na kijana anayeuza miche ya miti kando ya barabara kuu.

Desturi hii ya kukutana kila wiki ina umri mkubwa. Wakili Paul Harris na wenzake watatu walianzisha Rotary mjini Chicago mwaka 1905, na jina lenyewe lilitokana na kuzungusha mikutano, leo ofisini kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Lions nao walianzia Chicago, mwaka 1917. Klabu ya Rotary ya Nairobi ilipata hati yake mwaka 1930, kwa hivyo mtindo huu ulikuwepo Kenya miongo mitatu kabla ya uhuru. Nguvu ya watu kukutana kila wiki na kuchanga kidogo kidogo si ya kubeza. Mwaka 1985 Rotary ilianza kampeni ya kumaliza polio duniani, na Agosti 2020 Afrika ikathibitishwa kuwa haina tena virusi asilia vya ugonjwa huo.

Lakini tuseme ukweli, Mkenya hakuhitaji kufundishwa kuchanga na mtu wa Chicago. Neno Harambee liko kwenye nembo ya taifa. Shule ngapi zilijengwa na wazazi waliotoa mawe, mbuzi na siku zao za kazi? Na simu ilipoingia, mchango ulipanda kwenye simu. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2011, wakati wa ukame wa kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya ilipolenga kukusanya shilingi milioni 500 na kuvuka lengo hilo. Kuna watu waliotuma shilingi 10. Hilo ndilo jambo ambalo sanduku la harambee lisingeweza kufanya: ni nani angesafiri kutoka Busia hadi Nairobi kutia shilingi 10 kwenye sanduku?

Turudi mezani.

Mradi wa klabu mwaka huu ni matangi mawili ya maji, lita 10,000 kila moja, kwa shule ya msingi iliyo nje kidogo ya mji. Paa la shule ni kubwa na mvua inanyesha, lakini maji yote huishia kwenye mtaro. Watoto wa madarasa ya juu hutumwa mtoni na vibuyu vya lita tano, na mwalimu mstaafu alituambia kwamba ukitaka kujua ni nani hasa hutumwa, angalia ni nani hayupo darasani somo la mwisho. Ni wasichana. Mbali na matangi yenyewe, kunahitajika mifereji ya paa, msingi wa zege na mabomba.

Pesa zinatafutwa kwa njia za kawaida. Jumamosi huosha magari kwenye uwanja wa kituo cha mafuta. Jumapili moja walichoma nyama na kufanya mnada, ambapo jogoo mmoja aliuzwa mara nne kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha auzwe tena. (Wa mwisho alikwenda naye nyumbani, na tumesikia jogoo huyo hajachinjwa mpaka leo.) Na kila Jumanne kuna faini. Unatozwa simu ikilia, ukisahau beji, ukionekana kwenye gazeti, mtoto wako akifaulu mtihani. Ile ya mwisho huitwa shilingi ya furaha na watu huitoa kwa kupenda.

Pesa hizi zote zilikuwa zinatumwa kwa mweka hazina. Wenzake humwita Sista, kwa kuwa alikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kufungua duka lake la dawa. Klabu ina akaunti ya benki tangu zamani, lakini nani atapanga foleni kuweka shilingi 300 za kuosha gari? Kwa hivyo mtu alisema, "Tumia tu laini yako, Sista, mwisho wa mwezi utapeleka benki." Hakuna aliyeandika uamuzi huo popote. Ukiwa kwenye chama, kamati ya harusi au ya mazishi, unajua jinsi maamuzi ya namna hiyo hupita. Hupita kwa sababu mtu huyo ni mwaminifu, na kweli ni mwaminifu.

Ilipofika zamu ya ripoti ya hazina, Sista alisimama na karatasi moja na bahasha ya kaki.

"Bwana Rais, ndugu zangu," akasema, "ujumbe wa michango niliopokea kwa simu unajumlisha shilingi 87,350. Kwenye laini kuna 79,150. Zinapungua 8,200, na ni mimi."

Chumba kilinyamaza hata mhudumu aliyekuwa anakusanya sahani akasimama.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Ijumaa kabla ya siku ya kwanza ya kuosha magari, dawa zilikuwa zimeisha dukani na mwuzaji wa jumla alikuwa anangoja malipo. Laini ya Sista ilikuwa na pesa kidogo, kwa hivyo akakubali mkopo wa dharura wa simu, ule unaokuruhusu kukamilisha malipo hata kama salio halitoshi. Alinuia kuulipa Jumatatu baada ya mauzo. Jumamosi asubuhi, mchango wa kwanza wa shilingi 500 ukaingia. Haukukaa. Mfumo uliuchukua kulipa deni. Ukaingia wa 1,000, ukachukuliwa. Ikaendelea hivyo mpaka deni na ada zake vikaisha, na kuanzia hapo pesa zikaanza kubaki. Sista alikuwa ameshika mpira wa maji, simu iko kwenye mkoba, ujumbe unaingia mmoja juu ya mwingine. Aligundua Jumapili ya wiki iliyofuata, usiku, alipokaa na kalamu kufunga hesabu.

Hapa lazima tujisemee sisi tulio katika biashara hii. Mkopo wa aina hii hujilipa wenyewe kutoka kwa pesa yoyote inayoingia kwenye laini yako. Mfumo haujui kwamba 500 hii ni ya tangi na ile 500 ni ya mauzo ya Panadol. Kwake zote ni zako, kwa kuwa laini ni yako. Maelezo hayo yapo kwenye masharti unayoyakubali, lakini ni nani huyasoma akiwa amesimama mbele ya mtu anayemdai? Tungeweza kulisema jambo hili kwa sauti kubwa zaidi. Basi tunalisema sasa: ikiwa una deni la namna hiyo, usipokee pesa za watu kwa laini hiyo hata kwa saa moja. Deni litazila kabla yako.

Sista akaiweka bahasha mezani. Ndani kulikuwa na 8,200 taslimu. Angeweza kuzirudisha kimyakimya usiku ule wa Jumapili na hesabu ingelingana bila mtu kujua. Tulimuuliza baadaye kwa nini hakufanya hivyo. Akasema, "Ningejua mimi. Halafu mwezi ujao ingetokea tena."

Kilichofuata hakikuwa kizuri. Wakili alisema wazi kwamba pesa za umma zikitumiwa kulipa deni la mtu, kuna jina lake, na kwamba nia njema haifuti jina hilo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alisema ameshaulizwa na jamaa wawili mtaani kama kweli matangi yatanunuliwa, kwa hivyo maneno yamekwisha kutoka nje. Kijana wa miche alikasirika kwa niaba ya Sista mpaka sajenti akamtoza faini ya kupiga meza. Kisha mwalimu mstaafu akaomba nafasi.

"Sisi ndio tuliomwambia atumie laini yake," akasema. "Hakuomba. Tulimpa mzigo wetu, halafu tunashangaa umechanganyika na wake."

Walipiga kura kama Sista aendelee kuwa mweka hazina. Alishinda, lakini si kwa wote. Yeye mwenyewe akasema atashika kazi hiyo mpaka Juni tu, na hatashika tena pesa kwa laini yake hata shilingi moja.

Dakika zetu 20 zikawa saa nzima, na hakuna aliyetazama slaidi tulizokuja nazo. Walitaka kujua mambo matatu au manne tu. Akaunti ya kupokea pesa kwa jina la klabu inafunguliwaje? Tukawaeleza kwamba unahitaji cheti cha usajili, kumbukumbu za mkutano uliochagua watia sahihi, vitambulisho vyao na PIN ya KRA. Klabu hii ilikuwa na vyote, vimelala kwenye faili. Kama kundi lenu halijasajiliwa, anzeni hapo. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, na kamati nyingi za mtaa zinao.

Fundi wa magari akauliza tofauti ya Till na Paybill, swali ambalo hata sisi tuliliuliza wiki ya kwanza kazini. Till inafaa pale mtu analipa na kwenda zake, kama dukani. Paybill humpa mchangiaji nafasi ya pili ya kuandika, ile ya namba ya akaunti, na hapo anaweza kuandika TANGI au FAINI au jina lake. Mwisho wa mwezi hubahatishi ni pesa ya nini. Pia mnaweza kuiunganisha na akaunti ya benki ili kutoa pesa kuhitaji watu wawili. Hilo la watu wawili ndilo wakili alilolishikilia, na tulifurahi alilishikilia.

Muuguzi wa pili akauliza kuhusu ujumbe wa uongo. Siku ya nyama choma kuna mtu alionyesha ujumbe wa kutuma 2,000, akapewa sahani yake, na pesa haikuingia kamwe. Jibu letu ni lilelile kila siku: usiamini simu ya anayelipa, amini salio lako. Na mtu akipiga simu kulia kwamba ametuma kimakosa umrudishie, usimtumie. Mwambie apitie njia rasmi ya kurejesha muamala, kwa sababu huenda hakutuma chochote, au huenda ameshaanza kuirejesha na utalipa mara mbili.

Kesho yake Jumatano, Sista, wakili na sajenti walikwenda benki pamoja wakaweka pesa zote, pamoja na za bahasha na shilingi zetu 200 za faini. Picha ya risiti ikawekwa kwenye kundi la WhatsApp. Hakuna aliyeandika kitu kwa muda mrefu, halafu mwalimu akaweka dole gumba.

Tulirudi mwezi uliofuata. Paybill inafanya kazi, na jina linalotokea ni la klabu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hajaonekana kwenye mikutano tangu usiku ule, ingawa alituma mchango wake na kwenye nafasi ya akaunti akaandika TANGI. Sista anasema atampigia. Tangi la kwanza limesimama kwenye msingi wake nyuma ya jiko la shule, mifereji imefungwa upande mmoja wa paa, na lilikuwa limejaa karibu nusu tulipogonga ubavu wake. La pili bado. Jumamosi hii wanaosha magari tena kuanzia saa mbili asubuhi, gari dogo 300, matatu 500.